Kutoka Vugiri Hadi Pemba: Mapumziko Juu ya Maji

Kata ya Vugiri imekaa juu ya Milima ya Usambara Magharibi, katika Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga. Huku ni nchi ya ukungu wa alfajiri, ya migomba, iliki, maharage na chai. Siku isiyo na mawingu, mtu akisimama ukingoni mwa mlima huliona bonde la Mto Pangani limetandazwa chini kama jamvi, na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari hadi macho yanapochoka. Vijito vyetu huteremkia bonde hilo. Vikisha kuingia Pangani hufuatana na maji yaliyotoka Kilimanjaro na Meru, na mwisho humwagika katika Bahari ya Hindi penye mji unaoitwa kwa jina la mto huo. Maji ya mlimani, basi, huiona bahari. Watu wa mlimani wengi huzeeka bila kuivuka. Huitazama mara moja mbili kutoka ufukweni mwa Tanga, kisha hurudi kupalilia.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika karne ya 19, Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa aliyekaa Vuga, alikuwa na usemi hadi pwani, na majumbe wa miji ya huko walimtambua yeye na Sultani wa Unguja kwa pamoja. Na kabla ya hapo, mabaharia walikuwa wakiitambua milima yetu kutoka baharini. Mwaka 1498, msafara wa Vasco da Gama ulipopita, mojawapo ya merikebu zake ilikwama kwenye fungu la mwambao wa Mtangata, kusini mwa Tanga. Wareno wale wakainua macho, wakaona milima mirefu upande wa bara, wakaipa jina la merikebu yao iliyokwama. Milima hiyo ni Usambara. Wageni waliiona bahari na mlima kwa tupio moja la jicho. Sisi wenyeji tumezoea kuvitenga, kana kwamba ni nchi mbili.

Makala haya ni ya safari ya watu wa mlima mmoja kuvuka maji hayo, na ya siku tatu tulizopumzika juu yake. Tunayaandika kwa ajili ya familia zinazowaza safari kama hiyo na kuiahirisha kila mwaka.

Kilichotuondoa nyumbani

Tulikuwa watu saba: mama yetu mzazi aliyekwisha kupita miaka sabini, mume na mke, na watoto wanne, mkubwa wao akiwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne. Kwa mwaka mzima tulikuwa tukiweka kando sehemu ya mauzo ya iliki, kidogo kidogo, tukikumbuka kwamba bandu bandu huisha gogo. Watoto waliahidiwa bahari. Lakini aliyetakiwa hasa kuvuka bahari alikuwa mama, na mama hakutaka.

Dada yake, ambaye kwetu ni mama mkubwa, aliolewa Pemba miaka mingi iliyopita na mtu wa Mkoani aliyekuwa akifanya biashara mjini Tanga. Kwa muda mrefu ndugu hao wawili walitembeleana. Kisha usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya abiria iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama karibu na Nungwi. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na mamia ya watu wengine hawakuonekana tena. Miongoni mwa wasioonekana alikuwa kijana wa mwisho wa mama mkubwa. Hakuoshwa, hakuvishwa sanda, hakuna kaburi la kwenda kulizuru.

Tangu siku hiyo mama aliapa kutokanyaga chombo. Alituma rambirambi kwa simu, akatuma wengine wamwakilishe, lakini yeye mwenyewe hakwenda. "Mimi nimezaliwa mlimani," alikuwa akisema, "na nitakufa udongo ukiwa chini ya miguu yangu." Nasi hatukumlazimisha. Nani angemlazimisha?

Mwaka jana mama mkubwa alipatwa na kiharusi. Alhamdulillah alinusurika, ila maneno yalimwia mazito, na simu ambayo kwa miaka yote ilikuwa daraja lao ikawa haifai tena. Siku moja alijikaza akasema maneno machache yaliyosikika vizuri: "Mdogo wangu, mimi siwezi tena kuja." Mama aliweka simu chini. Alikaa siku tatu bila kulizungumza. Siku ya nne, baada ya swala ya Alfajiri, akasema, "Tafuteni meli." Kisha akatoa masharti yake matatu: tusafiri mchana wala si usiku, tusipande chombo kilichojaa, na kila mjukuu aonyeshwe vazi lake la kujiokolea kabla nanga haijang'olewa. Tukaona kwamba hayo si masharti ya mwoga. Ni masharti ambayo kila mzazi angepaswa kuyaweka.

Kuchagua msimu

Watu wa bara tuna mazoea ya kupanga safari kwa likizo za shule peke yake. Watu wa pwani hupanga kwa upepo. Kuanzia mwezi wa Aprili au Mei hadi Septemba huvuma kusi, na katikati yake, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo uliokuwa ukileta majahazi ya Arabuni na Uhindi. Katikati ya Oktoba na Novemba kuna matlai, na bahari hutulia. Neno letu "msimu" lenyewe limetoka katika Kiarabu, na ndilo hilohilo lililozaa jina ambalo Wazungu huziita pepo hizi. Ibn Battuta alipotoka Mombasa kwenda Kilwa mwaka 1331 alifuata utaratibu huu. Asiyeufuata alingoja miezi sita.

Meli za injini hazingoji, lakini tumbo la msafiri bado linaujua upepo. Kwa kuwa likizo za shule huangukia Juni na Desemba, tulichagua Desemba. Familia yenye mzee na watoto wadogo isijaribu bahari ya Julai kwa mara ya kwanza, ikiwa ina hiari.

Tuliteremka Korogwe kwa gari la asubuhi, tukapanda basi hadi Tanga, tukalala kwa ndugu zetu Ngamiani. Kesho yake tulikuwa bandarini kabla ya saa mbili. Walanguzi wa tiketi walitufuata kama nzi. Tukawapita, tukaenda dirishani na vitambulisho vyetu, kila jina likaandikwa. Jambo hili dogo lina uzito wake. Chombo kikipata ajali, orodha ya abiria ndiyo inayowaambia waokoaji wawatafute wangapi. Anayepanda bila jina huweza kupotea hata katika hesabu.

Mlangoni mwa meli, baharia kijana alimpokea mama mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Maboya ya kuvaa yako wapi?"

"Yapo, bibi. Yako chini ya viti na mengine kwenye kabati lile."

"Usinielekeze. Nionyeshe."

Baharia yule hakukasirika wala hakucheka. Alifungua kabati, akatoa ya watu wazima na yale madogo ya watoto, akamvisha mjukuu wa mwisho na kumwonyesha bibi jinsi kamba zinavyofungwa. Abiria waliokuwa karibu walisogea kutazama, na wawili watatu wakainama kuangalia chini ya viti vyao. Tukajifunza kwamba mzee mmoja anayeuliza kwa adabu hulinda watu wengi.

Tezi na omo

Meli iling'oa nanga karibu saa tatu na nusu. Ilipita taratibu kwenye ghuba ya Tanga, ikakiacha kisiwa cha Toteni, kisha Ulenge na mnara wake wa taa, halafu ikaielekea bahari ya wazi. Kutoka Tanga hadi Pemba ni kama kilomita 70. Katikati yake ni mkondo wa Pemba, ambao kina chake hupita mita 800. Maji yalibadilika rangi mbele ya macho yetu: kutoka kijani cha ghuba, kuwa samawati, kisha samawati nzito inayokaribia weusi.

Mjukuu wa pili alishikwa na kichefuchefu. Tulikuwa tumejiandaa kwa mifuko ya karatasi, na kwa ushauri tuliopewa Ngamiani: mtu ale chakula chepesi kabla ya safari, asifunge tumbo kabisa wala asilishibishe, akae katikati ya meli ambako mtikisiko ni mdogo, atazame mbali, pale maji yanapokutana na mbingu, wala si simu mkononi, na atafune tangawizi. Baada ya saa moja mtoto alikuwa anaomba muhogo wa kukaanga.

Hapo ndipo mapumziko yalipoanza, nasi tulichelewa kuyatambua. Mtu wa shamba hajui kukaa. Mikono yetu ilikuwa ikitafuta kitu cha kufanya. Baharini hakuna jembe, hakuna kuni za kupasua, hakuna anayebisha hodi kuomba chumvi. Mtandao wa simu ulipotea, na hakuna aliyeulilia. Tulibaki na upepo, na maji, na nyuso zetu sisi kwa sisi. Mume na mke tulizungumza kwa saa nzima bila kutaja deni wala mbolea. Watoto walihesabu ngalawa hadi zilipokwisha, kisha wakawaona pomboo watatu wakiruka ubavuni mwa meli, na kelele zao zikawaamsha abiria nusu ya sitaha.

Kijana wetu mkubwa alikuwa mkimya tangu amalize mitihani. Nyumbani tulimwuliza anataka kufanya nini akajibu kwa mabega. Sasa tulimwona amekaa tezi, karibu na bibi yake, na midomo yake inakwenda. Hatukusogea. Tuliacha upepo uwasikilize.

Baada ya muda bibi alituita kwa mkono. Nyuma ya meli, juu ya mstari wa pwani uliokuwa ukizama, milima ilikuwa imesimama. Ya mbele ilikuwa Usambara Mashariki, upande wa Muheza na Amani. Nyuma yake, hafifu kama moshi wa jiko la asubuhi, ulionekana mstari mwingine. Mama aliutazama kwa muda mrefu. "Kumbe tunakaa juu vile?" akauliza. Alikuwa ameishi mlimani zaidi ya miaka sabini na hakuwahi kuuona ukiwa mzima. Ukiwa shambani huuoni mlima. Unauona mgomba ulio mbele yako.

Swala juu ya maji

Wakati wa Adhuhuri ulitukuta baharini. Swali la kwanza la watoto lilikuwa kibla, na jibu lake liliwafurahisha. Makka ipo karibu kaskazini kamili ya mwambao wetu. Longitudi ya Pemba na ya Makka zinakaribiana mno. Ndiyo maana wazee wa pwani wameliita pande la kaskazini kwa jina la kibla. Kwa hiyo, katika meli iendayo mashariki kutoka Tanga, kibla kiko mkono wa kushoto wa anayetazama omo. Siku ya pili, meli ilipokwenda kusini kuelekea Unguja, kibla kilikuwa tezi, nyuma yetu. Mtoto wa miaka tisa alilifahamu jambo hilo kuliko somo lolote la jiografia.

Kwa kuwa safari yetu kutoka Vugiri ilikuwa imepita masafa ambayo wanazuoni wa madhehebu ya Shafii huyahesabu kuwa ni ya kupunguza, tulizikusanya Adhuhuri na Alasiri na kuswali rakaa mbili mbili. Anayeweza kusimama katika meli husimama. Anayechelea kuanguka, au aliyeshikwa na kizunguzungu, huswali kwa kukaa, wala hakuna dhiki katika dini. Mama aliswali amekaa. Wanawake wengine wawili walijipanga naye, mmoja akitokea Lushoto na mwingine akirudi kwao Wete. Walipomaliza walikuwa wamekwisha kuwa marafiki.

Muda mfupi kabla ya kufika, baharia alituonyesha kisiwa kidogo chenye msitu, magharibi ya Pemba. Ni Misali. Wenyeji wana simulizi kwamba Nabii Khidri alifika hapo, akaomba msala wa kuswalia, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Mwaka 1998 eneo hilo liliwekwa chini ya hifadhi, na wahifadhi wakashirikiana na viongozi wa dini kuwaeleza wavuvi, kwa mafundisho ya Qur'ani, kwamba kuvua kwa baruti ni uharibifu wa amana. Yapo yaliyokuwa yamekataliwa yalipoagizwa na serikali, yakakubaliwa yalipoelezwa msikitini. Sisi tunaotoka penye misitu ya Usambara, inayokatwa kila mwaka, tulikuwa na la kutafakari hapo.

Mkoani

Tulitia nanga Mkoani alasiri. Pemba ni kisiwa cha vilima vidogo na kijani kibichi. Waarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani. Harufu ya karafuu ilitupokea barabarani, zikiwa zimeanikwa juu ya majamvi mbele ya nyumba. Karafuu nyingi za Zanzibar hutoka huku. Mama alizishika, akazinusa, akasema zinaanikwa kama iliki. Kwa mara ya kwanza tangu Tanga alionekana yuko kwao.

Hatutasimulia yote ya mkutano ule, maana mengine ni ya wenyewe. Inatosha kusema kwamba mama mkubwa alikuwa amekaa barazani tangu asubuhi akiwa amevaa kanga mpya, na kwamba mama alipofika alipiga magoti mbele yake, akamshika miguu, akasema, "Dada, nimekuja kukuhani. Nimechelewa." Mama mkubwa, ambaye ulimi wake ulikuwa mzito, alimwekea mkono wake mzima kichwani. Walikaa hivyo mpaka adhana ya Magharibi.

Tulikaa Pemba siku nne. Ndugu hao wawili walilala chumba kimoja. Usiku tulisikia sauti ya mama ikizungumza peke yake kwa muda mrefu, kisha kimya, kisha neno moja la dada yake, kisha kicheko. Siku ya tatu kijana wetu aliuliza swali ambalo sisi watu wazima tusingethubutu: kama mama mkubwa anaichukia bahari. Alitikisa kichwa. Akatafuta maneno, akayapata moja baada ya jingine: "Bahari haikumchukua. Waliojaza meli."

Mbele ya Nungwi

Safari ya kurudi ilipita Unguja, kwa meli ya mchana. Mama alikuwa ameulizwa kama angependa turudi moja kwa moja Tanga, asipite maji yale. Alikataa. Alisema amekwisha kumhani dada yake. Sasa anataka kumpitia kijana.

Bahari ilikuwa shwari. Watu walikula, walisinzia, watoto walikimbizana kwenye ngazi hadi walipokemewa. Pwani ya kaskazini ya Unguja ilipoanza kuonekana, na mnara wa taa wa Nungwi ukatokea kama kidole, mama alisimama akashika ukingo wa sitaha. Abiria kadhaa wa Kipemba nao walikuwa wamesimama, hakuna aliyewaambia. Mikono iliinuliwa. Kila mtu aliomba kwa moyo wake, dua ile ile ambayo huombwa makaburini, ila hapa hapakuwa na jiwe la kulitazama. Wanazuoni wametufundisha kwamba Mtume (s.a.w.) alimhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Mama alilijua hilo kwa kulisikia. Siku hiyo alilijua kwa kusimama mahali penyewe. Alipomaliza alijipangusa uso, akaketi, akaomba chai.

Ndipo kijana wetu alipotuambia lile alilokwisha kumwambia bibi yake siku ya kwanza, tezi, milima ilipokuwa ikizama. Anataka kusomea ubaharia, katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Tulimtazama mama, tukidhani angepinga. Yeye alikuwa amekwisha kuliamua. "Kama utajifunza kuiendesha meli," alimwambia mbele yetu, "jifunze pia kukataa kuijaza." Kijana akaitika, "Nimesikia, bibi." Hatukuongeza neno, na hatujui neno ambalo lingeongezwa.

Kupumzika ni kupi?

Ziko meli za anasa zinazozunguka dunia zikibeba maelfu ya abiria, zenye mabwawa ya kuogelea, sinema na maduka. Baadhi yake hutia nanga Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Wasafiri wake huzipenda hasa zile siku ambazo meli haiendi bandari yoyote, siku ambazo hakuna la kufanya ila kutazama maji. Hatuwalaumu kwa hilo. Wamegundua jambo la kweli. Mengine yaliyomo humo, kama pombe na kamari, si yetu. Lakini utulivu wa bahari haukuumbwa kwa ajili ya wenye fedha peke yao, wala hauhitaji bwawa la kuogelea juu ya maji.

Nchi yetu ina historia yake ya safari ndefu za majini. Wazee wetu walikwenda Hijja kwa meli, siku nyingi baharini kabla ya kufika Jeddah, wakafundishana Qur'ani sitahani. Katika Ziwa Tanganyika, MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikaopolewa na kurudishwa kazini mwaka 1927, iliwachukua watu kwa miongo mingi kati ya Kigoma na Mpulungu nchini Zambia. Abiria wake walipika, waliozeshana, walipatana humo ndani. Meli polepole humpa mtu wakati, na wakati ndio familia nyingi zimeukosa.

Baadhi ya jirani zetu waliuliza, kwa wema, kama si israfu kutumia fedha ya iliki kwa ajili ya upepo. Ni swali halali. Tunajibu kwamba Mtume (s.a.w.) ameufundisha umma huu kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe, na ahali wana haki, na kuunga udugu ni katika nguzo za mwenendo wa Muislamu. Safari iliyolipwa kwa akiba bila deni, iliyompeleka mzee kwa dada yake mgonjwa, na iliyowakalisha baba, mama na watoto bega kwa bega kwa siku tatu, tunaihesabu katika haki hizo.

Kwa wanaowaza kusafiri

Siku ya tatu baharini ilikuwa fupi, kutoka Unguja hadi Dar es Salaam. Tuliuaga Mji Mkongwe, na Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883 ikiwa bado inabeba jeraha la kuporomoka kwake Desemba 2020. Saa mbili baadaye tulikuwa gatini, na kesho yake ndani ya basi, tukipita Chalinze na Segera kurejea Korogwe. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Kwa familia za bara, nasaha zetu ni hizi. Pangeni mapema, mkiangalia upepo pamoja na likizo. Ulizeni ratiba bandarini, kwa kuwa safari za Tanga na Pemba si za kila siku. Safirini mchana. Kila mtu aandikishwe kwa jina lake. Ingieni mkiwa na udhu, chakula chepesi, maji na tangawizi. Soma dua ya kupanda chombo, ile tuliyoirithi katika kisa cha Nabii Nuhu, kisha omba kuonyeshwa vazi la kujiokolea. Moja halichukui nafasi ya jingine. Mkiona chombo kimejaa, shukeni, hata kama fedha ya tiketi itapotea. Aliyeshuka husubiri meli nyingine.

Na kama kuna ndugu ng'ambo ya maji ambaye sauti yake kwenye simu imeanza kupungua, msingoje mavuno yajayo. Mama mkubwa, kwa rehema za Allah, bado yuko hai tunapoandika maneno haya. Mama amekwisha kuuliza, mara mbili, mwezi wa Desemba utaingia lini.